Kichwa cha Mzee Kibacha

Mume wangu Manase alilinda msitu wa serikali kwa miaka ishirini na sita, na kati ya watu wote aliowakamata humo, mmoja alikuwa baba yake mzazi. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Vudee hakuna asiyelijua, na sitaki mtu anitazame kwa jicho la pembeni akidhani namficha mume wangu. Alimkamata, akamfunga kamba, akamshusha bondeni. Kama unataka kumhukumu, ngoja kwanza nimalize.

Mimi ni Dorkasi, mzaliwa wa Suji, binti wa mzee wa kanisa la Wasabato. Niliolewa mwaka 1930, Manase akiwa ndiyo kwanza amevaa kaptula ya kaki ya serikali na kupewa nyundo yenye chapa, ile ya kugongea mti ulioruhusiwa kukatwa. Nyundo ile aliilaza karibu na mto wake, nami nikamtania kwamba ameoa wake wawili na mimi ndiye mdogo. Alikuwa hodari, hilo hata maadui zake walikiri. Ukimpa kibanzi cha mti akinuse, atakuambia huu ni mkulo, umeangushwa juzi, na aliyeuangusha ana shoka butu. Wapasua mbao wa magendo walimwogopa kuliko chui. Nilijivunia sana kuwa mke wake, na nilipokwenda kisimani nilitembea polepole ili nionekane.

Sasa lazima niseme habari za mpungi. Ukoo wa mume wangu, kama koo nyingine za huku milimani, una kipande chake cha msitu kinachoitwa mpungi, ambako wamelazwa watangulizi. Mtu mzima akifa huzikwa kwanza kama kawaida. Ikishapita misimu kadhaa, mwanawe hufukua kichwa, kikapelekwa mpungini na kuwekwa ndani ya chungu kilicholazwa ubavu chini ya mwamba, uso ukitazama nje. Kila mwaka wazee hufyeka magugu, humwaga dengelua, pombe yetu ya miwa, na kuwaita waliolala pale kwa majina, mmoja mmoja. Mwanamke haingii. Sisi tuliobatizwa tunasema hatuna habari na mambo hayo, lakini sijamwona mbatizwa aliyethubutu kukata hata ufito mpungini.

Mwaka 1941, wakati wa vita, serikali ilitaka mbao, na Bwana Misitu, Mzungu mmoja mrefu mwenye haraka, akaja kuchora mpaka wa msitu upya. Manase ndiye aliyemwongoza. Mpungi ulikuwa chini kidogo ya msitu mkubwa, hatua kama mia hivi. Manase akafikiri: ukibaki nje, iko siku mtu mwenye mdomo mtamu atapata ruhusa ya kupasua mbao humo, ukiwa ndani, mimi mwenyewe nitaulinda. Basi akauteremsha mpaka, mpungi ukaingia ndani. Mzungu hakuona tofauti. Nia ya mume wangu ilikuwa njema, nimelisema hilo mara elfu na nitaendelea kulisema, lakini njia ya Jehanamu huwa haina miiba.

Maana ndani ya mpaka hakuna kuingia bila kibali. Kibali cha kuni kilikuwepo, cha asali kilikuwepo, cha kusalimia wafu hakikuwepo. Kwa miaka mitatu Manase alijifanya kipofu kila wazee walipopanda kufyeka. Kisha siku moja mwaka 1944 Bwana Misitu akafika bila taarifa, akataka kuukagua mkuza, ile njia pana iliyofyekwa mpakani. Ilikuwa asubuhi ya saa nne, ukungu umeshuka. Walipofika karibu na mpungi wakasikia nyengo, mundu wa kufyekea, ikilia: kwa, kwa, kwa. Alikuwa Mzee Kibacha, baba mkwe wangu, peke yake, anawasafishia wenzake.

Mzungu alisimama tu. Akasema, "Manase, fanya kazi yako."

Manase akafanya. Aliniambia baadaye kwamba baba yake hakupinga wala hakukasirika, alinyoosha mikono tu akasema, "Kaza kamba mwanangu, usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yangu." Ningependa angalau angemtukana. Tusi hupoa, lakini wema wa namna ile haupoi.

Baba mkwe akahukumiwa faini au mwezi mmoja wa kazi ngumu. Faini tungeimudu, mimi na Mzee Senkoro, mdogo wake baba mkwe, tulikwisha tafuta mbuzi wa kuuza. Mzee Kibacha akakataa katakata. "Silipi ili niingie nyumbani kwangu," alisema. Wakamteremsha kwenye kambi ya wafungwa huko nyikani chini ya Same, kuvunja mawe ya barabara. Mtu wa baridi kama yeye, miaka sabini, chini ya jua lile na mbu wale. Wiki ya tatu homa ikamchukua, wakamzika siku hiyohiyo. Habari tulizipata kwa mtu aliyekuwa amekwenda kununua chumvi.

Manase hakulia. Nikasema amejaliwa moyo mgumu. Kumbe ndiyo kwanza jambo lilikuwa linajipanga.

Siku moja tulikuwa tunapalilia maharage, ukungu ukashuka. Akainua kichwa.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Nyengo. Mpungini."

Mimi nilisikia kuku wangu tu. Lakini alikwisha tupa jembe, anapanda mlima mbio. Alirudi saa sita, suruali imelowa hadi magotini. Hakuna mtu aliyekuwepo. Hakuna jani lililokatwa. Alikaa juu ya kinu changu, akawa anajitazama mikono, na mimi nikaogopa kwa mara ya kwanza.

Tangu siku ile, kila ukungu uliposhuka saa nne, alisikia. Miaka kumi na miwili, ndugu zangu. Akiwa kazini alikwenda mbio, akiwa mgonjwa alikwenda akijikokota. Watu walimcheka mwanzoni, wakamwita mbwa wa mzimu. Baadaye waliacha kucheka, wakawa wanawaingiza watoto ndani akipita. Nilimpeleka kwa mchungaji akaombewa. Nikampeleka hata kwa watu nisiopaswa kuwataja, binti wa mzee wa kanisa. Wapi! Alikonda hadi mkanda wa serikali ukamzunguka mara mbili.

Mwaka 1956 akastaafu. Wakampa barua ya shukrani, wakachukua nyundo na sare. Nikajidanganya kwamba sasa atapumzika. Ikawa mbaya zaidi, kwa maana sasa hakuwa na ruhusa ya kuvuka mpaka alioutengeneza mwenyewe. Alibaki uani, ameshika nguzo ya nyumba, anasikiliza.

Asubuhi moja nilimkuta machozi yanamtoka. "Dorkasi," akasema, "nimemwelewa. Anafyeka mahali pake mwenyewe. Kila siku anajitayarishia, na kichwa chake hakiko. Kiko nyikani."

Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Niliona kabisa kwamba mume wangu anakufa mbele yangu, si kwa homa wala kwa njaa, anakufa kwa kusikiliza. Na mimi ambaye sijakosa Sabato moja tangu nikiwa msichana, nikamwambia, "Basi nenda ukamlete."

Alishuka Same mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi. Kambi ile ilikwisha vunjwa, yamebaki makaburi kumi na tisa kwenye mstari, vichuguu tu vya mawe, bila jina wala msalaba. Akamtafuta mzee mmoja, Iddi, aliyekuwa mpishi wa wafungwa. Iddi alitembea naye juu ya mstari ule, akakuna kichwa, akasema, "Mpare yule mzee? Nadhani ni huyu wa tatu." Manase alinisimulia maneno hayo kwa furaha. Mimi nilisikia neno moja tu, nadhani, nikalimeza.

Desturi inasema mwana hamtazami baba yake usoni katika hali ile. Hufukua, halafu hugeuza shingo, hukipapasa kichwa kwa mikono, hukifunga katika kaniki mpya, na hakifungui tena. Manase, ambaye macho yake yalikuwa yanaona kovu la shoka hatua hamsini, alifanya hivyo kama alivyofundishwa. Akapanda milima siku mbili, kifurushi kifuani. Alipoingia uani alikuwa amejaa vumbi jekundu na anacheka. Sikuwa nimeyaona meno ya mume wangu kwa miaka kumi na mbili.

"Nimekuja na baba," akasema.

Lakini kichwa hakiingii mpungini hivihivi. Lazima kwanza mtu aliyempikia marehemu miaka yake ya mwisho akitazame, kisha aseme mbele ya wazee kwamba ndiye. Mwana hatazami, mpishi hutazama. Mama mkwe wangu alikufa zamani, na tangu hapo aliyempikia Mzee Kibacha asubuhi na jioni alikuwa mimi. Na kwa kuwa mwanamke haingii mpungini, tulikutana pale mkuzani, saa nne, hakuna ukungu, jua jeupe.

Mlinzi mpya wa msitu alikuwa Hezroni, kijana aliyefundishwa kazi na Manase mwenyewe hatua kwa hatua. Tulimkuta amesimama mpakani na bunduki yake. Nikasema moyoni, leo yamekwisha.

"Shikamoo mzee," Hezroni akamwamkia Manase.

"Marahaba."

Hezroni akakitazama kifurushi, akatutazama sisi. "Mimi leo nakagua kule juu kwenye mikulo," akasema. "Nitachelewa sana kurudi." Akaenda zake bila kugeuka nyuma. Manase akanong'ona, "Nilimfundisha asifanye hivyo kamwe," na sauti yake ilikuwa na shukrani hadi ikanichoma.

Walikuwepo wazee watatu. Aliyekuwa mkubwa ni Mzee Senkoro, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, haoni hata mkono wake. Wengine wawili walisimama mbali wakiwa wamegeuka, kama inavyotakiwa. Manase aliweka kifurushi juu ya majani ya mgomba, akarudi nyuma, akageuza uso. Mimi nikapiga magoti, nikafungua.

Nilitegemea kuogopa, sikuogopa. Kilikuwa kichwa kama kichwa, rangi ya udongo wa kule chini. Nilikitazama kwa heshima kama ninavyomtazama mgeni wa mchana. Kisha nikaona taya ya chini.

Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Meno ya maiti huanguka, hilo najua. Lakini pale mfupa ulikuwa umefumba, laini, hauna hata tundu, kama jeraha lililopona utotoni. Baba mkwe wangu alikufa na meno yake yote. Alikuwa anamenya muwa kwa meno akiwa na miaka sabini, akinikejeli mimi niliyekuwa natafuta kisu. Na mwenye kung'olewa meno mawili ya chini akiwa mtoto kila mtu anamjua. Ukishuka Same siku ya gulio utawaona wamejaa, Wamasai wa nyikani, wakicheka na pengo lao.

Nilikuwa nimemshika Mmasai. Mfungwa mwingine, labda alilisha ng'ombe wake mahali palipochorwa mpaka mwingine na Mzungu mwingine. Na watu wake, jinsi ninavyosikia, hawagusi mifupa ya wafu wala hawalitaji tena jina la aliyekufa. Nasi tulikuwa tunataka kumtia chunguni tumwite kila mwaka.

"Dorkasi, mkamwana wetu," Mzee Senkoro akasema, "wewe uliyempikia kaka yangu. Je, ndiye?"

Nikainua macho. Manase alikuwa amevunja desturi, amegeuka. Hakukitazama kichwa, alinitazama mimi. Nikaona kila kitu wakati uleule. Nikisema siye, atashuka tena Same. Atafukua la nne, la tano, yote kumi na tisa, mpaka wamkamate kwa kuchezea makaburi, na wamtie ndani hukohuko alikofia baba yake. Au hatashuka, atabaki ameshika nguzo ya nyumba. Nikikubali, baba mkwe wangu, mtu mwema kuliko wote niliowajua, aliyeniita mwanangu hata siku niliyounguza chakula chake, atabaki nyikani milele, na mahali pake patakuwa pa mtu mwingine. Amri ya tisa, usishuhudie uongo, naijua tangu utotoni. Niliwafundisha watoto wa wenzangu, maana wangu Mungu hakunipa.

"Ndiye," nikasema.

Manase akaanguka chini akalia kama mtoto. Wazee wakakichukua kichwa, wakaingia nacho mpungini. Mimi nilibaki mkuzani peke yangu, mikono ikinuka udongo wa Same.

Na mume wangu akapona. Lazima niseme ukweli huu pia, uwongo wangu ulimponya. Ukungu ulishuka saa nne, naye akaendelea kula viazi vyake. Akanenepa. Akaanza kunitania tena, akaniambia nimezeeka vizuri kama mkulo. Kwa kuwa Hezroni alifumba macho, Manase alikuwa akipanda mpungini kila wiki kumwamkia baba yake. Nililala usingizi mzuri miezi mitatu. Nilimwambia Mungu: kama hii ni dhambi, basi nihesabie, nimeipenda.

Kisha asubuhi moja akiwa anakunywa uji akasema, "Nimemwota baba."

"Vizuri."

"Amesahau Kipare."

Kijiko kilinitoka mkononi.

"Anasema maneno nisiyoyajua hata moja," Manase akaendelea, akitabasamu kidogo. "Yule mzee! Miaka yote ile nyikani, ulimi umeharibika." Akacheka, nami nikacheka.

Ndoto ikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Tabasamu likapungua. Anamwona amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo, anatazama chini kule kwenye nyika. "Na jambo moja silielewi, Dorkasi," aliniambia. "Nikimwita Kibacha, anageuka kutazama nyuma yake. Kama vile namwita mtu mwingine."

Alianza tena kubakiza chakula. Hata siku moja nilimkuta ameishika ile nguzo.

Basi wiki iliyopita nilimwambia nakwenda Same kuuza maharage. Niliyapata makaburi, nikaanzia la kwanza. Sikujua ni lipi, kwa hiyo nilipiga magoti kila moja. "Shikamoo baba, ni mimi Dorkasi." Nikangoja muda wa mtu kuitikia, nikaenda la pili. Wanaume kumi na wanane wa watu nimewaamkia kama baba mkwe wangu, na kwa mmoja wao, sijui nani, niliomba radhi za kweli. Lile la tatu lilikuwa shimo tupu. Nikaliruka.

Jana nilirudi, na sikwenda nyumbani. Nilipanda moja kwa moja hadi mkuzani, nikasimama pale ambapo mwanamke anakomea. Ukungu ulikuwa umeuficha mpungi wote. Nilimsemesha yule Mmasai kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ya jela, hapana shaka walimfundisha.

"Mgeni," nikamwambia, "jina lako silijui, na hata ningelijua nisingelitaja, maana nasikia kwenu ni mwiko. Hapa uko kwenye baridi ya watu, na aliyekuweka ni mimi. Nidai mimi, usimdai yeye. Lakini kesho mume wangu atakuja kukuamkia, na amezeeka, hana mwingine. Nakuomba kama ninavyomwomba baba yangu mzazi. Akikuita Kibacha, itika."